Waliopendwa na Waliochosha: Wahusika wa Dark Shadows

Dark Shadows ni tamthilia ya televisheni iliyorushwa na shirika la ABC la Marekani kuanzia tarehe 27 Juni 1966 hadi tarehe 2 Aprili 1971, siku tano kwa wiki, nusu saa kila alasiri. Hadi inakoma ilikuwa imetimiza vipindi 1,225. Kwa ratiba yake ilikuwa sawa na tamthilia nyingine za mchana za wakati ule, zile zilizodhaminiwa na viwanda vya sabuni na kuandikiwa akina mama waliobaki nyumbani: ndoa inavunjika, ndugu wanagombea urithi, daktari ana siri yake. Kwa mambo yake ilikuwa kitu kingine kabisa. Katika muda usiotimia miaka mitano ilipitisha mbele ya kamera mizuka, wachawi, wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwa mwitu, na mtu aliyeungwa kwa viungo vya maiti. La kushangaza zaidi ni kwamba viumbe hao ndio waliopendwa, ilhali watu wema, walioandikwa makusudi ili wapendwe, waliwachosha watazamaji mmoja baada ya mwingine.

Mwanzilishi wake ni Dan Curtis, mtayarishaji aliyejulikana hadi hapo kwa vipindi vya gofu. Alisimulia kwamba wazo lilimjia ndotoni: msichana yumo ndani ya gari moshi usiku, anakwenda kufanya kazi katika jumba asilolijua. Mwandishi Art Wallace aliichukua ndoto hiyo akaijengea hadithi. Msichana akaitwa Victoria Winters, yatima wa New York. Jumba likaitwa Collinwood. Mji wa wavuvi ulio chini ya jumba ukaitwa Collinsport, katika jimbo la Maine. Vifaa vyote vilikuwa vya riwaya za kigothiki, utanzu uliozaliwa Uingereza katika karne ya 18: nyumba kuu ya kale, ukoo unaoficha jambo, mgeni asiye na wazazi, dhoruba, mlango uliofungwa usiofaa kufunguliwa. Deni kwa Jane Eyre ya Charlotte Brontë lilikuwa wazi. Picha za nje za jumba zilipigwa Newport katika jimbo la Rhode Island, na karibu kila kitu kingine kiliigizwa ndani ya studio jijini New York.

Victoria, aliyeigizwa na Alexandra Moltke, alikusudiwa kuwa nguzo ya yote. Aliajiriwa kumfundisha mtoto David Collins, na katika mwaka wa kwanza sauti yake ndiyo iliyofungua vipindi. Mhusika wa namna hii huenda vizuri kitabuni, kwa kuwa msomaji anakaa ndani ya kichwa chake na kitabu kina kurasa zake za mwisho. Katika tamthilia ya kila siku mambo yalikuwa mengine. Msichana aliuliza maswali, akanyimwa majibu, kesho yake akauliza tena, na hali hiyo ikaendelea mwezi hata mwezi. Kauli yake ya kusema kwamba haelewi ilirudiwa mno hata ikawa mzaha wa kudumu miongoni mwa wapenzi wa tamthilia. Kosa halikuwa la mwigizaji. Waandishi walimhitaji asielewe, maana siku ambayo angeelewa kuwa ndani ya nyumba ile wanaishi wauaji, angefunga virago na hadithi ingekwisha. Hata swali lililomleta Collinwood, yaani wazazi wake ni nani, halikujibiwa kamwe, ingawa dalili nyingi zilielekea kwa bibi mwenye jumba.

Bibi huyo, Elizabeth Collins Stoddard, aliigizwa na Joan Bennett, nyota wa Hollywood wa miaka ya 1930 na 1940. Jina lake ndilo lililoipa tamthilia changa heshima, na haiba yake ilimkinga na lawama hata pale Elizabeth alipokuwa hana la kufanya ila kusimama dirishani. Wengine hawakuwa na kinga hiyo. Burke Devlin, mwanamume aliyerudi mjini kulipiza kisasi kwa kufungwa jela bila haki, aliingia kama shujaa mwenye moto. Kisasi chake kikakwama katika kalamu. Baada ya msimamizi wa meli za ukoo, Bill Malloy, kukutwa amekufa maji, kalamu ya fedha ya Burke ikawa ushahidi mkuu: imepotea, imeonekana, imefichwa, imefukiwa, imetafutwa. Wiki zilipita juu ya kalamu hiyo. Mwaka 1967 mwigizaji wa Burke, Mitchell Ryan, alibadilishwa na Anthony George, na muda si mrefu mhusika mwenyewe akaondolewa kwa habari ya ajali ya ndege Amerika ya Kusini ambayo watazamaji hawakuonyeshwa.

Mtoto David ni kisa kinachofaa kutazamwa kwa makini. Aliingia akiwa mtoto mbaya kabisa: alimfungia mwalimu wake katika chumba cha upande wa jumba usiokaliwa, na alichezea breki za gari la baba yake ili afe barabarani. Kwa kanuni za kawaida huyo ndiye aliyestahili kuwaudhi watazamaji. Kinyume chake, David Henesy aliyemwigiza alimfanya awe kitu pekee cha kusubiri katika miezi ile ya mwanzo, kwa sababu kila alipoingia chumbani jambo liliweza kutokea. Alipoanza kumpenda mwalimu wake, mabadiliko hayo yalikuwa na uzito kwa kuwa yalitoka mbali. Ishara ya mambo yatakayokuja ilikuwa hapo tayari, ila haikusomwa mapema.

Mwishoni mwa mwaka 1966 idadi ya watazamaji ilikuwa ndogo na tishio la kufutwa lilikuwa la kweli. Curtis alieleza baadaye kwamba watoto wake walimshauri aifanye tamthilia iwe ya kutisha, na kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, alikubali. Mizuka iliyokuwa ikidokezwa tu ikaanza kuonekana waziwazi. Mama wa David, Laura, aliyeigizwa na Diana Millay, akaletwa mwezi Desemba akiwa finiksi, kiumbe anayeungua na kuzaliwa upya kutoka majivuni, na mpango wake ulikuwa kumwingiza mwanawe motoni pamoja naye. Kisa hicho kilifanikiwa kiasi. Kilichofuata, kwa bahati mbaya, kilikuwa kurudi nyuma: baharia laghai Jason McGuire akaja kumtoza Elizabeth fedha kwa siri ya mume anayedhaniwa kuzikwa katika chumba cha chini ya ardhi cha jumba. Jason anatishia, Elizabeth anakataa, Jason anatishia tena, Elizabeth anakubali. Wanaoitazama tamthilia yote kwa mfululizo mara nyingi hutaja miezi hiyo kuwa mizito kuliko yote. Jason alikuja na mwenzake, kijana mkorofi Willie Loomis, na Willie ndiye aliyefungua mlango wa mafanikio. Mwezi Aprili 1967, akitafuta vito vya ukoo katika kaburi la kale, alifungua jeneza lililofungwa kwa minyororo. Mkono ukatoka na kumkaba koo.

Mkono huo ulikuwa wa Barnabas Collins, mnyonya damu wa karne ya 18, na mwigizaji wake alikuwa Jonathan Frid, Mkanada wa Hamilton, Ontario, aliyekuwa amezoea jukwaa la Shakespeare. Frid aliipokea kazi akiamini ni ya wiki chache. Mpango ulikuwa Barnabas atishe, aue, kisha achomwe mti moyoni. Matendo yake ya mwanzo hayana utetezi wowote: alimfanya Willie mtumwa wake, alimteka Maggie Evans, mhudumu wa mgahawa wa hoteli ya mji, akamfungia katika chumba cha chini ya ardhi ili amgeuze kuwa Josette, mchumba wake aliyefariki zamani, akamnyonga Jason, akashiriki kumuua daktari wa mji. Watazamaji wakamwandikia barua za mapenzi. Ziliingia kwa maelfu, na mpango wa kumuua ukatupwa.

Sababu moja ilikuwa maandishi yenyewe, maana Barnabas alipewa majuto na kumbukumbu, vitu ambavyo Burke na Victoria hawakuwahi kupewa kwa kipimo kile. Sababu nyingine ilikuwa ya bahati. Dark Shadows ilirekodiwa karibu kama matangazo ya moja kwa moja, kwa kuwa kukata na kuunga utepe wa video kulikuwa gharama kubwa. Kipaza sauti kilichoshuka ndani ya picha kilibaki, ukuta wa bandia uliotikisika ulibaki, nzi aliyetua usoni mwa mwigizaji alibaki. Frid alikuwa mgumu wa kukariri, na macho yake mara kwa mara yalikwenda kwenye mashine ya maandishi iliyokuwa kando ya kamera. Kwa mtazamaji wa nyumbani, kusitasita huko kulionekana kuwa ni maumivu ya mtu anayepigana na nafsi yake. Waigizaji wenye kumbukumbu nzuri zaidi hawakupata faida hiyo.

Watazamaji nao walikuwa wamebadilika. Saa ya kurushwa, karibu saa 10 za alasiri kwa sehemu kubwa ya maisha ya tamthilia, iligongana na muda wa watoto kurudi kutoka shuleni, na kizazi kizima cha Wamarekani kinakumbuka kukimbia barabarani ili kisipitwe. Kuanzia Agosti 1967 vipindi vilikuwa vya rangi. Zikafuata riwaya za bei nafuu zilizoandikwa na Dan Ross kwa jina la Marilyn Ross, zaidi ya 30 kwa jumla, vitabu vya katuni, michezo ya mezani na kadi za kukusanya. Tarehe 31 Oktoba 1969 Frid alikaribishwa Ikulu ya Marekani akiwa amevaa kama Barnabas, katika sherehe ya watoto iliyoandaliwa na Tricia Nixon, binti wa rais.

Wa pili kwa kupendwa alikuwa Dakta Julia Hoffman, na yeye pia alikuwa amepangiwa kufa. Grayson Hall, aliyewahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu ya The Night of the Iguana ya mwaka 1964, alimleta katikati ya mwaka 1967 kama tabibu wa Maggie. Julia aligundua siri ya Barnabas, akataka kumtibu badala ya kumfichua, kisha akampenda bila kupendwa. Alidanganya, alifuta kumbukumbu za watu kwa kuwalaza usingizi wa kitabibu, alimsaidia Barnabas kumuua rafiki yake mwenyewe wa siku nyingi. Pamoja na hayo yote, ni vigumu kumpata mpenzi wa Dark Shadows asiyemweka Julia katika watatu bora. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye taaluma, akili yake ikimzidi kila mwanamume aliyekuwa naye chumbani, na alitenda. Victoria aliuliza nini kinatokea. Julia alitengeneza dawa.

Mwezi Novemba 1967 waandishi walifanya jambo ambalo tamthilia za mchana hazikuwa zimelizoea: walimtupa Victoria katika mwaka 1795 na kuigiza hadithi nzima ya chanzo cha laana, hadi Machi 1968. Waigizaji walewale walipewa watu wapya wa kuwaigiza. Hapa ndipo alipoingia Angelique, mchawi aliyeigizwa na Lara Parker, mtumishi aliyekataliwa na Barnabas akamlaani awe mnyonya damu. Angelique aliharibu kila maisha yaliyomgusa na akapendwa kwa hilo. Naye Mchungaji Trask, msaka wachawi aliyeigizwa na Jerry Lacy, alichukiwa kuliko yeyote, na chuki hiyo ilikuwa ushindi wa waandishi. Trask alipiga kelele, alinukuu maandiko, alimpeleka Victoria mahakamani kwa uchawi ambao mwenye nao alikuwa Angelique. Barnabas alipomfungia nyuma ya ukuta wa matofali, kwa namna iliyochukuliwa kwa Edgar Allan Poe, watazamaji walishangilia. Na waandishi, wakijua walicho nacho mkononi, walimrudisha Lacy kama Trask mwingine wa mwaka 1897 na mwingine tena wa mwaka 1840.

Kwa hiyo kuudhi kulikuwa kwa namna mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Trask, pamoja na shangazi mkali Abigail wa mwaka 1795, waliandikwa ili waudhi, na kila dakika yao ilikuwa malipo. Wale waliochosha kweli waliandikwa ili wapendwe. Mfano ulio wazi ni Peter Bradford, wakili kijana aliyempenda Victoria mwaka 1795 na kurudi wakati wa sasa kwa jina la Jeff Clark bila kumbukumbu. Alikana jina lake la kwanza kwa hasira kipindi baada ya kipindi, huku kila mtu nyumbani akijua ukweli. Roger Davis, aliyemwigiza, alipewa baadaye wahusika wengine kadhaa, akiwemo mchoraji Charles Delaware Tate, na mpaka leo wahusika wake ndio wanaotajwa upesi pale orodha ya wachoshi inapotungwa. Wapo wanaomtetea, lakini ni wachache.

Mwaka 1968, baada ya kurudi kutoka 1795, ulijaa kasoro za namna hiyo. Adam, mtu aliyeumbwa maabara kwa mfano wa kiumbe wa Frankenstein, alianza vizuri kama mtoto mchanga katika mwili wa jitu. Alipojifunza kusema, alijifunza kudai: alidai mke, akadai kulipiza kisasi, akadai tena. Laana ya ndoto ilikuwa mbaya zaidi. Angelique, akiwa amerudi na nywele nyeusi kwa jina la Cassandra, alitunga ndoto yenye milango ya kutisha ambayo humlazimu kila anayeiota amsimulie mwingine, naye aiote, hadi imfikie Barnabas. Wazo ni zuri kwa vipindi viwili. Kwa kuwa ndoto ilipaswa kuonyeshwa kila inapohama, watazamaji waliiona karibu ile ile mara kwa mara kwa muda wa wiki nyingi. Katika mwaka huohuo Moltke, akiwa mjamzito, aliondoka. Waigizaji wawili walijaribiwa mahali pake, Betsy Durkin na Carolyn Groves, kisha Victoria akapotelea katika karne ya 18, na tamthilia iliyoanza kwa safari yake ikaendelea bila pengo kubwa.

Desemba 1968 aliletwa mwanamume ambaye kwa wiki nyingi hakutamka neno. Quentin Collins, mzuka ulioigizwa na David Selby, alisimama tu katika chumba kilichofungwa, mashavu yamejaa ndevu za pembeni, santuri ikipiga wimbo uleule. Kuanzia Machi 1969 hadithi ilihamia mwaka 1897 ili kumwonyesha akiwa hai: mlevi, mzinzi, mcheshi, muuaji wa mke wake, aliyelaaniwa na Magda, dada wa marehemu, ageuke mbwa mwitu kila mbalamwezi inapojaa. Magazeti ya vijana yalimweka majaladani. Wimbo wake, uliotungwa na Robert Cobert, ulifika nafasi ya 13 katika chati ya Billboard mwaka huo ulipopigwa na kundi la Charles Randolph Grean. Kisa cha 1897 kilidumu hadi Novemba na wengi hukiona kuwa kilele cha tamthilia. Sababu haiko mbali: karibu hakuna mtu mwema ndani yake. Magda ni laghai, Sandor mumewe ni laghai, Count Petofi ni mchawi mwenye mkono unaotafutwa, Judith ni bahili, na Trask wa pili anaendesha shule kama jela. Kila mmoja anataka kitu, na anakitaka leo.

Kampuni ndogo ya waigizaji ilikuwa na faida yake hapa. Mtazamaji aliyechoshwa na mtu wa karne moja aliweza kumpata mwigizaji yuleyule akiwa na uhai katika karne nyingine. Joel Crothers alimwigiza Joe Haskell, mvuvi mwaminifu anayesahaulika upesi, kisha Nathan Forbes, ofisa wa majini mwongo ambaye hasahauliki. Thayer David alikuwa Ben Stokes, mtumwa wa kifungo mwenye moyo wa dhahabu, kisha Profesa Stokes, kisha Petofi. Nancy Barrett alianza kama Carolyn, binti aliyedekezwa, na mwaka 1897 akamfanya Charity, binti mkavu wa Trask, aingiwe na roho ya mwimbaji wa ukumbi wa burudani. Wachache walitarajia hilo.

Anguko lilianza na Waleviathani, jamii ya viumbe wa kale walioazimwa kutoka hadithi za H. P. Lovecraft, kuanzia Novemba 1969. Kiongozi wao, Jeb Hawkes, alikusudiwa kuwa mvuto mpya kwa vijana. Hakuwa na siri wala majuto, na umbo lake halisi la kutisha halikuonyeshwa kwa kuwa bajeti haikuruhusu. Baya kuliko Jeb, Barnabas mwenyewe aligeuzwa kuwa mtumwa baridi wa viumbe hao. Barua zilizomwokoa mwaka 1967 zilikuwa za mtu anayeteseka. Mtu huyo aliondolewa na kuachwa sura yake tu. Waandishi walimrudishia nafsi na hata laana yake, lakini watazamaji walikuwa wameanza kuondoka. Katika majira ya kuchipua ya 1970, filamu ya House of Dark Shadows ilipokuwa ikipigwa, Barnabas wa televisheni alifungiwa jenezani ili Frid apate nafasi. Hadithi ya mwisho, ya mwaka 1841 katika ulimwengu sambamba, haikuwa na Barnabas kabisa. Frid alikuwa amechoka naye na akamwigiza mpenzi wa kawaida, Bramwell. Wiki iliyofuata kipindi cha mwisho, mchezo wa maneno, Password, ukachukua muda huo hewani.

Tofauti na tamthilia nyingi za wakati wake, ambazo tepu zake zilifutwa ili zirekodiwe upya, Dark Shadows imehifadhiwa karibu yote. Kipindi kimoja tu, nambari 1219, kilipotea picha na kubaki sauti. Ilirudiwa katika vituo vingi kuanzia miaka ya 1970, na warushaji wengi walianzia pale Barnabas anapoingia, wakiuacha mwaka wa Victoria. Toleo jipya la NBC la mwaka 1991 lilimtoa Barnabas jenezani tangu kipindi cha kwanza, na hata hivyo likafutwa baada ya vipindi 12. Mwaka 2012 ilitoka filamu ya Tim Burton, Johnny Depp akiwa Barnabas. Frid alionekana humo kwa muda mfupi, na alifariki mwezi Aprili, wiki chache kabla haijaonyeshwa. Burton aliwaunganisha Victoria na Maggie kuwa mtu mmoja, uamuzi ambao wachache waliulalamikia. Dakta Julia Hoffman alimfanya mlevi wa kuchekesha anayeuawa na Barnabas na kutoswa baharini, na kwa hilo wapenzi wa tamthilia ya zamani hawajamsamehe.